Kifuko au nundu? Kutambua vitu vinavyong'ang'ania miti ya Lubumbashi

Kuanzia mwezi wa nane hivi, miombo inayozunguka Lubumbashi inapopukutisha majani, vitu vilivyojificha tangu wakati wa mvua hubaki wazi matawini. Toka kidogo kwa barabara ya Kipushi au ya Kasenga, au inua macho tu kwenye mwembe wa parseli yako: vibonge vya kahawia, vijiti vilivyofungwa pamoja vikining'inia, majani yenye vipele, matawi yaliyovimba bila sababu ya wazi. Watu karibu wote huuliza swali lile lile: ni mayai ya nini haya? Mara nyingi si mayai. Huwa ni kimoja kati ya viwili: kifuko alichojisokotea kiwavi ili ageuke nondo, au nundu, yaani uvimbe ambao mti wenyewe umeuotesha baada ya kuchokozwa na mdudu.

Kabla ya kutafuta jina lolote, amua kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili. Anayeruka hatua hii hupoteza muda, kwa sababu njia ya kumtambua mwenye kifuko na njia ya kumtambua mwenye nundu haziendi pamoja hata kidogo.

Nani amejenga?

Kifuko ni kazi ya mdudu peke yake. Hariri inatoka kwenye tezi zinazofungukia mdomoni mwa kiwavi, naye huichanganya na alichonacho: nywele za mwili wake, majani makavu, vijiti, chembe za gome. Mti ni mahali pa kushikia tu. Ndiyo maana unaweza kukuta kifuko ukutani, chini ya bati, kwenye senyenge, hata kwenye mguu wa kiti cha plastiki kilichosahaulika nje. Kiwavi akishiba huhama, na mara nyingine hujifungia mbali na mti aliokuwa akiula.

Nundu ni nyama ya mmea. Nyigu mdogo, au inzi mdogo kuliko mbu, hutaga ndani ya jani changa au chipukizi; wadudu wengine hufyonza tu utomvu. Kemikali anazoziacha mama wakati wa kutaga, au anazozitoa buu akila, huufanya mti ukuze seli pale zaidi ya kawaida, na kwa mpangilio: ukuta mgumu nje, chakula laini ndani, chumba katikati. Buu anakaa ndani, anakula kuta. Mti umemjengea nyumba na kumpikia, bila kutaka.

Hapo zinatoka kanuni mbili. Ya kwanza: nundu haioti ukutani. Ukikikuta kitu kwenye bati au tofali, futa nundu kwenye orodha yako. Ya pili: nundu huanzia kwenye sehemu changa ya mmea inayokua, kwa sababu jani lililokomaa halina tena seli za kuchokozwa hivyo. Kwetu miombo huchipua kabla ya mvua, mwezi wa tisa na wa kumi, majani mapya yakiwa mekundu. Huo ndio wakati nundu nyingi zinapoanza, hata kama wewe utaziona miezi baadaye. Vifuko vyenyewe huonekana vizuri zaidi wakati wa kiangazi, miti ikiwa mitupu.

Si nundu zote zinazotokana na wadudu. Utitiri usioonekana kwa macho huzifanya pia, vivyo hivyo minyoo ya udongoni, bakteria na kuvu. Ila zile zenye buu ndani zilisumbua wataalamu wa Ulaya muda mrefu, wengine wakiamini kwamba mti unamzaa mdudu. Marcello Malpighi, daktari wa Bologna, ndiye aliyeeleza mwaka 1679 kwamba buu anatokana na yai lililotagwa mle na mdudu wa kuruka.

Kucha, kisu, na kaa la moto

Jaribio la kucha ndilo la haraka. Kisukume kitu kwa upande, polepole. Kifuko kitabanduka au kitaning'inia kwa nyuzi, na gome chini yake litabaki zima, labda na alama ya weupe wa hariri. Nundu haibanduki: ama inakatika na kipande cha jani, ama inaacha kidonda kibichi kinachotoa maji. Ila angalia kwanza kabla ya kugusa. Kifuko chenye nywele, au chenye vijiba vyeusi vilivyosimama, kisukume kwa kijiti wala usitumie kidole. Nywele za viwavi wa aina nyingi huwasha, na zikishafumwa ndani ya kifuko huendelea kuwasha hata mwenyewe akisharuka na kwenda zake.

Kisu kinaeleza zaidi. Chagua nundu ya kijani kwenye jani, ile ambayo bado haina tundu, uikate katikati kwa wembe. Ukuta ni mnene na una maji. Pembeni una rangi ya jani, kuelekea katikati unapauka. Katikati kuna chumba, wakati mwingine kadhaa, na ndani ya chumba kuna buu mmoja mweupe au wa rangi ya chungwa, asiye na miguu, mdogo kuliko punje ya mtama. Mahali pengine pote kwenye nundu ni mmea mtupu. Sasa kata kifuko: ukuta ni mwembamba na mkavu, nyuzi zinavutika kwenye wembe, na ndani yake pupa mmoja, yaani kiwavi aliye katikati ya kugeuka nondo, amejaa karibu nafasi yote. Ukiona ngozi kavu ya kiwavi imekunjamana upande mmoja wa pupa, huna haja ya ushahidi mwingine.

Kisu kina ubaya wake: kinaua. Kwa kifuko kitupu au kipande kilichokauka kabisa, napenda zaidi kaa la moto. Weka kipande kidogo juu ya makala yanayowaka jikoni. Hariri ni protini, kwa hiyo inasinyaa na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Nundu inatoa moshi wa kuni. Usifanye hivyo na kifuko chenye nywele za kuwasha, maana moshi wake hauna adabu.

Tundu nalo lina habari. Nondo hutokea kwenye ncha ya kifuko, na mlango wake ni mpana, nyuzi zake zimelowa na kusukumwa nje. Tundu dogo la mviringo ubavuni, mara nyingi matundu kadhaa, lina maana kwamba nyigu au inzi aliyemla mwenye nyumba ndiye aliyetoka. Kwenye nundu, tundu jembamba lililokatwa safi linakwambia wakazi wameshahama, na kuanzia hapo sisimizi na buibui wanaweza kuingia kupanga. Mtu akimkuta sisimizi ndani ya nundu ya zamani humpa kesi isiyo yake.

Vifuko unavyoweza kukutana navyo

Tuanze na kile ambacho watu wa Lubumbashi wanakitarajia na hawakioni. Tunapenda vinkubala, viwavi wa kula, basi kila kifuko mtini tunadhani ni vinkubala vilivyolala. Nilimuuliza mama mmoja anayeviuza sokoni: "Mama, bile bya kula binafanyaka nyumba juu ya muti?" Akacheka. "Apana, mwana. Binashukaka, binaingia mu bulongo." Yuko sawa na vitabu. Viwavi wakubwa wa jamii ya Saturniidae wanaoliwa sana kusini mwa Kongo na Zambia, kama Gonimbrasia na Gynanisa, hushuka chini na kugeuka pupa ndani ya udongo, bila kifuko cha hariri. Kwa hiyo kifuko kinachoning'inia mtini kwa kawaida si cha hao.

Kinachoning'inia parselini, hasa kwenye uzio wa sipresi na miti ya maua, mara nyingi ni cha nondo wa familia ya Psychidae, na huyu anastahili kutazamwa karibu. Nyumba ina urefu wa sentimita mbili hadi tano, nje imepangwa vijiti vikavu kwa urefu, vyote vimekatwa karibu sawasawa na kushonwa juu ya mfuko wa hariri ya kijivu. Ukiuchana mfuko kwa mkasi utaona bitana ya ndani ni laini na nyeupe kuliko nje. Wakati wa mvua nyumba inatembea: kiwavi anatoa kichwa na miguu ya mbele, anakula, akiguswa anajifungia. Akikomaa anaufunga mfuko kwenye tawi kwa mkanda mnene wa hariri, na hapo ndipo wewe unaupata. Jike wa spishi nyingi hana mabawa wala hatoki kamwe. Dume humfuata pale pale, mayai yanabaki ndani ya mfuko, watoto wanatoka wakining'inia kwa uzi na kupeperushwa na upepo. Kwa mwenye uzio, hii ina faida: kuokota mifuko kwa mkono wakati wa kiangazi kunaondoa na mayai yake, kazi ambayo dawa ya kupuliza haiifanyi vizuri kwa mdudu aliyevaa koti la vijiti.

Bonge kubwa la kahawia, linaloweza kujaa kiganja au zaidi, lenye gamba la hariri gumu nje na vifuko vingi ndani, ni la Anaphe. Viwavi hawa huishi kwa kundi na kujenga nyumba moja ya pamoja. Bridelia micrantha ni mmoja wa miti wanayoipenda. Wayoruba wa Nigeria husokota hariri yao na kufuma kitambaa cha sanyan. Ni hariri ya thamani, lakini bonge zima limejaa nywele za kuwasha, basi liache juu, na watoto wasilitumie kama mpira. Kuhusu kula: huko huko magharibi mwa Nigeria, watafiti walihusisha ugonjwa wa kutetemeka na kushindwa kutembea sawasawa na ulaji wa viwavi wa Anaphe venata, ambao wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1 mwilini. Waliougua walikuwa na lishe duni tangu mwanzo. Hilo si sababu ya kuviogopa vinkubala vya soko letu, ila ni sababu ya kutokula kiwavi usichokijua kwa sababu tu kimetoka kwenye mti unaoujua.

Ukisafiri kusini zaidi, Botswana au Namibia, utakutana na kifuko cha nondo Gonometa, kigumu kama kitu cha mbao, chenye vinywele vinavyochoma. Ng'ombe wakivimeza wakati wa ukame, hariri haisagiki, inaziba tumbo na kuwaua. Watu wa huko huvikausha, huvitia vijiwe na kuvifunga miguuni kama njuga za ngoma. Argema mimosae, nondo mwenye mikia mirefu wa mashariki na kusini mwa Afrika, hutengeneza kifuko cha rangi ya fedha chenye vitundu vidogo tangu mwanzo. Huyo usimhukumu kwa kanuni ya matundu niliyoieleza hapo juu.

Halafu kuna vile vidogo vyeupe vinavyodanganya wengi: vifuko vya nyigu wa jamii ya Braconidae, vimesimama mgongoni mwa kiwavi au vimemzunguka. Mkulima anaviona, anasema kiwavi amebeba mayai, anamponda. Hapana. Nyigu alitaga ndani ya kiwavi, mabuu wakamla, wakatoka na kusokota hivyo vifuko. Kiwavi huyo ameshakwisha. Ukimwacha kwenye kabichi yako, nyigu watakaoruka watawatafuta wenzake.

Nundu za nyumbani

Hapa mti ndio mwalimu. Kwa kifuko unaweza kuanza na umbo. Kwa nundu anza na jina la mti, halafu sehemu (jani, mshipa wa jani, kikonyo, tawi, mzizi), halafu umbo. Mdudu wa nundu huwa mchaguzi sana, wengi hawahami kutoka mmea mmoja na jamaa zake.

Mwembe wenye majani yaliyojaa vipele vidogo vigumu, juu na chini, umepitiwa na inzi wadogo wa jenasi Procontarinia. Mmoja wao, Procontarinia matteiana, asili yake ni Bara Hindi na ameshaingia nchi kadhaa za Afrika. Jani linachukiza macho, mti mkubwa unaendelea kuzaa. Mimi siwezi kununua dawa kwa ajili ya vipele vya mwembe uliokomaa.

Mchungwa au mlimao ni kesi nyingine. Jani changa likiwa na vinundu juu, na chini ya kila kinundu kuna kishimo ambamo amelala kidudu bapa cha manjano, huyo ni Trioza erytreae. Hapa uvimbe wenyewe ni wazi upande wa chini, haujafungwa, jambo linaloutofautisha na vipele vya mwembe. Vishimo peke yake vingevumilika. Tatizo ni kwamba mdudu huyu hueneza bakteria wa ugonjwa wa machungwa unaofanya majani yawe na manjano ya mabaka na matunda yabaki madogo, yamepinda na machungu. Kata matawi machanga yaliyoshambuliwa, na usichukue vipandikizi kutoka mti huo.

Mkalitusi ni wa kuangaliwa kitaluni, kabla ya kulipa. Leptocybe invasa, nyigu mwenye urefu wa kama milimita 1 tu, alionekana kwanza nchi za Mediterania na Mashariki ya Kati mwaka 2000, akafika Kenya na Uganda muda mfupi baadaye, na akapewa jina la kisayansi mwaka 2004. Nundu zake hupanga mstari kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye kikonyo, kwanza kijani, halafu waridi ya kung'aa, mwishoni kahawia. Miche yenye hizo huvimba, hupinda na kudumaa. Muuzaji akikwambia ni vumbi, vuta jani moja ulikunje: vumbi halivimbishi mshipa.

Chini ya ardhi, ulinganisho wenye faida kuliko yote ni wa mizizi. Ng'oa mharagwe: vibonge vidogo kando ya mizizi, vinavyobanduka kwa kidole na vyenye uwaridi ndani ukivipasua, ni makao ya bakteria wa Rhizobium wanaoulisha mmea naitrojeni. Hivyo ni mali. Ng'oa nyanya au lengalenga iliyonyauka mchana: ikiwa mzizi wenyewe umevimba mafundo mafundo, na fundo halibanduki bila kuukata mzizi, ni minyoo fundo, jenasi Meloidogyne. Usirudie nyanya kwenye tuta hilo msimu ujao, na mizizi iliyong'olewa usiitupe kwenye mboji.

Visivyo kimoja wala kingine

Povu lililokauka na kuwa gumu, la rangi ya mchanga, lenye mistari midogo, ni mayai ya vunjajungu. Kifuko cha udongo ukutani ni cha nyigu, na ndani yake kuna viwavi au buibui waliopoozwa kwa ajili ya mtoto wake. Povu bichi linalodondosha maji kutoka mtini ni la wadudu wafyonzaji. Unga mweupe unaoacha utelezi kidoleni ni vidung'ata. Uvimbe mkubwa wa tawi ambapo mmea wenye majani tofauti umeota juu yake ni kazi ya mmea mnyonyaji, na mdudu hahusiki.

Chupa, kisu au simu?

Kwa kifuko, chupa inashinda. Kata tawi nacho pamoja, kiweke kwenye chupa pana ya mayonezi, mdomo ufunge kwa kipande cha chandarua, usiweke juani, nyunyiza matone ya maji mara moja moja. Acha kijiti ndani: nondo akitoka lazima apande na kuning'inia ili mabawa yake yanyooke, akikosa pa kushika anabaki kilema. Na uwe na subira, wengine hulala kiangazi chote wakingoja mvua.

Kwa nundu, chupa hukatisha tamaa. Jani likikatwa linakauka, buu mchanga anakufa nalo. Heri kufunga mfuko wa chandarua kwenye tawi likiwa bado mtini. Na atakayetoka huenda si aliyeijenga: nyigu wengine hutaga ndani ya nundu za wenzao, wengine huja kula tu. Alfred Kinsey, Mmarekani ambaye dunia inamkumbuka kwa utafiti wa mambo ya chumbani, alianza maisha yake ya kisayansi na nyigu wa nundu. Vielelezo alivyokusanya, vinavyohesabiwa kwa mamilioni, viko kwenye makumbusho ya American Museum of Natural History, New York. Kazi hii inahitaji watu wa namna hiyo. Kwako wewe, kisu na jina la mti vinatosha.

Simu nayo? Programu ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, inamtambua kipepeo aliyefungua mabawa vizuri kuliko kifuko, na kifuko vizuri kuliko nundu. Megabaiti zako zitumie hivi: picha ya tawi zima, ya jani juu na chini, ya kitu chenyewe karibu na sarafu au rula, na ya nundu iliyopasuliwa. Ukimpata mtu wa kumuonyesha, tuseme wa kitivo cha sayansi za kilimo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi, usimpelekee nundu moja ndani ya kiberiti. Atakuuliza ilikuwa kwenye mti gani, basi nenda na tawi lenye majani, na maua au matunda kama yapo.